Pikapu ya Mkulima: Jina Lile Lile, Gari Lingine



Msimu wa viazi unapofika huko Olenguruone, kila mwenye shamba hujiuliza swali moja: mzigo huu utafikaje sokoni? Punda aweza kufikisha magunia machache barabarani, lakini hawezi kuyafikisha Nakuru. Lori kubwa haliingii shambani wakati wa mvua, na likiingia, mwenye lori ndiye apangaye bei. Kwa sababu hii wakulima wengi, wapatapo bonasi ya chai au mkopo wa chama, hufikiri kununua pikapu.

Fikira hiyo ni njema. Lakini wengi hununua jina badala ya kununua gari. Husema, "Baba yangu alikuwa na Toyota Hilux, haikumtupa hata siku moja, basi nami nitanunua Hilux." Jina ni lile lile, ndiyo. Lakini gari alilokuwa nalo baba na gari linalouzwa leo si gari moja. Injini imebadilika, uzito umebadilika, fundi wa kulitengeneza amebadilika, na bei imebadilika sana. Jambo moja tu halikubadilika, nalo ndilo ambalo wakulima wengi hulisahau. Tutalieleza hapa chini.

Katika ukurasa huu tumechukua Hilux iwe mfano, kwa kuwa ni gari lijulikanalo na kila mtu. Hatusemi kwamba inazishinda pikapu nyingine. Pikapu ya Isuzu, kwa mfano, imepita njia hiyo hiyo: ilianza mwaka 1972, ikaitwa KB katika nchi nyingi, na tangu mwaka 2002 huitwa D-Max. D-Max huunganishwa papa hapa Kenya, katika kiwanda cha Isuzu East Africa kilichoko Nairobi. Ukielewa habari za moja, utaelewa za zote.

JINSI ILIVYOANZA

Hilux ya kwanza ilitoka Japani mwezi wa Machi 1968. Ilitengenezwa katika kiwanda cha kampuni ya Hino, ambayo ilikuwa imeanza kushirikiana na Toyota miaka miwili kabla. Lilikuwa gari dogo, urefu wake mita 4 na kidogo, na uzito wake likiwa tupu karibu tani 1. Injini yake ilikuwa ya petroli, ya lita 1 na nusu, yenye nguvu za farasi 77. Watu watatu walikaa mbele kwenye kiti kimoja kirefu, na mkono wa gia ulikuwa kwenye usukani. Breki zilikuwa za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Nyuma, springi zake zilikuwa vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Mzigo wake: tani 1.

Siku hizo barabara nyingi za Kenya zilikuwa chini ya Peugeot 404, na baadaye 504. Wazee wa Molo na Olenguruone wanayakumbuka magari hayo jinsi yalivyopita na kabichi nyuma na abiria juu ya kabichi.

MABADILIKO YALIVYOFUATANA

Toleo la pili la Hilux lilitoka mwaka 1972. Lilikuwa na nafasi zaidi ya kukaa na injini kubwa kidogo, lakini kazi yake ilikuwa ile ile.

Toleo la tatu, la mwaka 1978, ndilo lililoleta mambo mawili makubwa kwa mkulima. La kwanza ni injini ya dizeli, ya lita 2.2. La pili ni nguvu katika magurudumu yote manne, ambayo ilianza mwaka 1979. Tangu hapo pikapu ndogo iliweza kupita mahali ambapo hapo zamani Land Rover ndiyo iliyopita. Katika toleo hili pia walianza kutengeneza pikapu ya milango minne.

Matoleo ya mwaka 1983 na mwaka 1988 ndiyo yaliyojenga sifa ya gari hili katika Afrika. Injini za dizeli zilikuwa za lita 2.4, kisha 2.8. Hazikuwa na mbio. Lakini dizeli yake ilisukumwa na pampu ya kawaida isiyohitaji umeme mwingi, na fundi wa kijijini aliweza kuifungua chini ya mti na kuifunga tena. Toleo la mwaka 1997 lilikuja na dizeli ya lita 3 ya aina hiyo hiyo.

Mwaka 2004 mambo yaligeuka. Toleo la saba lilitolewa kwanza huko Thailand, likiwa kubwa kwa kila upande. Injini zake, za lita 2.5 na lita 3, hunyunyizia dizeli kwa nguvu nyingi mno, zikiongozwa na kompyuta. Mwaka 2015 likaja toleo la nane, lenye chesisi nene zaidi na injini mpya za lita 2.4 na 2.8. Tangu mwaka 2020 injini hiyo ya 2.8 hutoa nguvu za farasi 204. Mwezi wa Novemba 2025 toleo la tisa lilionyeshwa Thailand, na safari hii liko pia la umeme wa betri, lisilotumia petroli wala dizeli.

Sasa tazama safari hiyo yote. Urefu umetoka mita 4 na kidogo hadi mita 5 na zaidi. Uzito wa gari tupu umetoka karibu tani 1 hadi karibu tani 2 kwa pikapu ya milango minne. Nguvu za injini zimeongezeka zaidi ya mara mbili. Na mzigo je? Mzigo bado ni tani 1, na pikapu nyingine hubeba pungufu ya hapo.

Hilo ndilo jambo lisilobadilika. Nguvu zilizoongezwa hazikuongezwa ili ubebe magunia zaidi. Zimeongezwa ili gari lijibebe lenyewe, libebe viti vizuri na milango minne, na likimbie barabarani. Mkulima anayeona gari kubwa na kufikiri kwamba litabeba tani 2 amejidanganya.

HESABU YA TANI MOJA

Tuseme una pikapu ya milango miwili ambayo mzigo wake ni kilo 1,000. Watu wamo katika hesabu hiyo. Dereva na wenzake wawili, kila mmoja kilo 70, ni kilo 210. Zinabaki 790. Kama umetia fremu ya vyuma na turubali, tuseme ni kilo 90. Zinabaki 700. Gunia la viazi, kwa kanuni za viazi za mwaka 2019, ni kilo 50. Basi mzigo wako ni magunia 14.

Magunia 14 tu! Najua utasema kwamba jirani yako hupakia 30. Lakini hesabu haijui jirani.

Tazama pia lumbesa. Gunia lililoshonewa kofia laweza kufika kilo 150. Magunia 7 ya namna hiyo ni kilo 1,050, na pikapu yako imekwisha kujaa kupita kiasi kabla hata dereva hajapanda. Lumbesa humwibia mkulima mara mbili: kwanza kwenye bei, kisha kwenye springi za gari lake.

Wenye maziwa nao wapige hesabu yao. Lita 1 ya maziwa ina uzito wa zaidi ya kilo 1 kidogo. Mkebe wa lita 50 ukijaa, pamoja na chuma chake, hupita kilo 60.

Uzito uruhusiwao umeandikwa katika hati ya gari, yaani logibuku. Usome wa gari lako mwenyewe, kwa maana magari mawili yenye jina moja huweza kuwa na mizigo tofauti. Pikapu ya milango minne, kwa kawaida, hubeba kidogo kuliko ya milango miwili, na sanduku lake la nyuma ni fupi: karibu mita 1 na nusu, na la milango miwili ni mita 2 na zaidi. Milango minne ni ya kupeleka watoto shuleni na mama kanisani. Kama kazi yako ni viazi, usilipe fedha za viazi kwa ajili ya viti.

INJINI YA ZAMANI AU INJINI MPYA?

Hili ni swali gumu, kwa sababu kila moja ina uzuri wake.

Olenguruone iko juu sana, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini hupumua hewa kama mtu. Injini isiyo na chombo cha kupuliza hewa, ambacho mafundi hukiita taabo, hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo pikapu ya zamani isiyo na taabo imekwisha kupoteza sehemu moja ya tano ya nguvu zake kabla hujapakia gunia la kwanza. Ndiyo maana huzomewa na magari mengine kwenye vilima. Injini mpya zenye taabo haziumizwi sana na mwinuko.

Lakini injini mpya ina adui, naye ni dizeli chafu. Nozeli zake zina matundu membamba sana. Maji kidogo, vumbi, au dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huziharibu, na kuzibadilisha ni gharama iwezayo kumeza faida ya msimu mzima. Injini ya zamani huvumilia zaidi, ingawa nayo haipendi uchafu. Ukiwa na gari jipya, nunua dizeli kwenye kituo unachokiamini, usinunue ya mtungi kando ya barabara. Chujio la dizeli libadilishwe kwa wakati, na maji yanayokusanyika chini yake yamwagwe. Taa ya chujio ikiwaka, simama siku hiyo hiyo.

Tena, injini nyingi za dizeli za Hilux tangu miaka ya themanini hadi mwaka 2015 zina mkanda wa ndani unaoziendesha vali. Mkanda huo ukikatika, vali hugongwa na injini hufa. Katika zile za zamani hubadilishwa kila kilomita 100,000. Injini zilizoanza mwaka 2015 zina mnyororo mahali pa mkanda. Basi anunuaye gari lililotumika asiulize tu, "Limekimbia kilomita ngapi?" Aulize pia, "Mkanda ulibadilishwa lini, na karatasi iko wapi?" Kama karatasi haipo, hesabu mkanda mpya katika bei.

MAGURUDUMU MANNE NA MATOPE

Nguvu katika magurudumu yote manne hukusaidia kuondoka matopeni, lakini haikusaidii kusimama. Wengi wameingia mtaroni kwa kusahau hilo. Katika pikapu nyingi za zamani, lazima ushuke na kufunga vifundo vya magurudumu ya mbele kwa mkono kabla ya kuvuta gia ya matope. Fanya hivyo kabla ya kuingia matopeni, si baada ya kuzama. Ukifika kwenye lami kavu, toa gia hiyo mara moja, la sivyo utavunja vyuma vya ndani.

Kama pikapu yako huvuta nyuma tu, kumbuka kwamba ikiwa tupu haina uzito nyuma, nayo huteleza. Magunia mawili ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma na tairi zenye meno mazuri huweza kukutosha, na utakuwa umeokoa fedha nyingi. Kama njia yako kutoka shambani hadi barabarani ni mbaya wiki chache tu kwa mwaka, fikiri sana kabla ya kulipia magurudumu manne mwaka mzima.

SPRINGI ZA KUONGEZA NI HATARI

Sasa tusikilizane vizuri, kwa maana hapa pana roho za watu.

Kuna desturi ya kumwendea fundi na kumwambia, "Niongezee springi mbili nyuma, gari lisikae chini." Fundi huongeza, na mwenye gari hufurahi, kwa sababu sasa magunia 30 hayaliangushi gari. Lakini springi hazikuongeza breki. Hazikuongeza nguvu ya ekseli, wala ya tairi, wala ya chesisi.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui. Pikapu nyingi, hasa za kabla ya breki za kompyuta, zina mkono mdogo wa chuma juu ya ekseli ya nyuma. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likikaa chini, mkono huo hujua kwamba mzigo ni mzito, nao huongeza breki za nyuma. Gari likiwa juu, hudhani kwamba ni tupu, nao huzipunguza. Ukiongeza springi, gari lililojaa hukaa juu kama tupu. Mkono umedanganywa. Breki za nyuma zinapunguzwa wakati ule ule uzihitajipo kuliko wakati wowote.

Kisha fikiria njia. Kutoka Molo kwenda Nakuru unashuka Sachang'wan, kisha Salgaa. Mteremko wa Salgaa unajulikana Kenya nzima kwa magari yaliyokosa breki. Breki zinazokanyagwa muda mrefu kwenye mteremko hupata moto, na breki zenye moto hazishiki. Ukizidisha mwendo mara mbili, kazi ya breki huzidi mara nne.

Basi shika sheria hizi:

1. Shuka mteremko kwa gia ile ile ambayo ungeitumia kuupanda. Injini ikuzuie, breki zisaidie tu.

2. Usishuke kamwe gia ikiwa huru ili kuokoa dizeli. Dizeli utakayookoa haitoshi kununua jeneza.

3. Usipandishe watu juu ya mzigo. Ni kosa mbele ya sheria, na gari likipinduka wao ndio wa kwanza kufa.

4. Kama magunia ni 28, nenda mara mbili, au wewe na jirani mkodi lori pamoja. Safari ya pili ina gharama, lakini gharama hiyo inajulikana.

UENDAPO KUNUNUA

Fika mapema asubuhi, bila kumwambia muuzaji saa. Weka mkono juu ya injini. Kama ina joto, imekwisha kuwashwa ili ugonjwa wake ufichwe. Injini ya dizeli iliyochoka hujulikana asubuhi ya baridi, na huko kwenu asubuhi za baridi hazina uhaba. Moshi wa buluu usiokwisha maana yake inakula oili. Moshi mweusi mwingi maana yake dizeli haichomwi sawasawa.

Lala chini, ukatazame chesisi. Angalia nyuma ya kibanda cha dereva na mahali springi ziliposhikizwa. Ukiona pameungwa kwa moto au pana ufa, gari hilo limebebeshwa kupita kiasi. Liache, hata kama rangi yake inang'aa.

Linganisha namba ya chesisi na iliyo katika logibuku, kisha hakikisha kwa NTSA kwamba anayekuuzia ndiye mwenye gari, na kwamba halina deni la benki. Usitoe fedha zote kabla hujahakikisha.

Kama ni gari lililoletwa kutoka ng'ambo, sheria ya Kenya hairuhusu lililopita miaka minane tangu kuandikishwa kwake mara ya kwanza, wala lenye usukani wa kushoto. Jua pia kwamba kutoka mwaka 2004 hadi mwaka 2017 Hilux mpya hazikuuzwa Japani. Basi mtu akikuambia kwamba Hilux yake ya mwaka 2010 iliuzwa mpya Japani na kuendeshwa huko na mzee mmoja mpole, mwulize tena.

KABLA YA YOTE, DAFTARI

Mababu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kununua pikapu, chukua daftari na uandike kwa msimu mmoja kila shilingi unayolipa kwa usafiri: viazi, maziwa, mbolea, mbegu. Kisha andika upande wa pili gharama za gari: dizeli, tairi, bima, matengenezo, na malipo ya mkopo kila mwezi, pamoja na miezi isiyo na mavuno. Kama upande wa pili ni mzito kuliko wa kwanza, bado hujafika wakati wa kununua peke yako. Labda ninyi wanne wenye mashamba jirani mnaweza kununua moja, mkaandikiana mapatano mbele ya mashahidi ni nani alitumie siku gani na nani alipe nini.

Na kama hesabu imekubali, nunua. Nunua gari la kazi yako, si la sifa. Kumbuka kwamba tangu mwaka 1968 hadi leo wenye viwanda wamebadilisha karibu kila kitu katika pikapu, lakini tani 1 wameiacha palepale. Wao wanajua sababu yake. Nawe sasa unaijua. Wapakizi watakaposema, "Ongeza moja tu, mzee," wahesabie magunia yaliyomo, kisha funga turubali.